Mitamba wangu wameota vinyama usoni, nimedunga mara tatu na bado vinaongezeka

#1 Mlima Viazi (9 Machi, saa 2:10 usiku)

Wakubwa shikamooni, wadogo habari za jioni.

Niko Isongole, Rungwe. Nina ng'ombe saba wa maziwa: wawili nawakamua, watano ni mitamba (majike ambao hawajazaa) wa mwaka mmoja na kidogo, chotara wa Friesian. Mwezi wa 10 niliongeza mtamba mmoja, nimemnunua kwa mtu wa huku chini. Alikuwa mzuri, ila chini ya jicho alikuwa na kinundu kama punje ya hindi. Muuzaji akasema kachomwa na mwiba. Bei ilikuwa ya kirafiki, nikaukubali ule mwiba.

Kufika Januari ile punje imekuwa ngumi ya mtoto, juu imepasukapasuka kama koliflawa, rangi ya kijivu, ngumu ukiishika. Vingine vikatoka shavuni na juu ya pua. Sasa mitamba wawili wengine nao wameanza. Wanakula, wanacheua, homa hawana. Ila sura imeharibika kabisa. Mnunuzi mmoja alikuja mwezi wa pili, akachungulia bandani, akaondoka bila hata kuuliza bei.

Nilienda duka la dawa za mifugo nikaeleza, nikapewa OTC, ile antibiotiki ya sindano. Nimedunga mara tatu, kila baada ya siku nne, wote watano, maana wale wazima nilisema iwe kinga. Elfu 38 imeshakatika na vinyama vinaniangalia tu. Hiki ni kitu gani na kinatibiwa na nini? Picha mbili nimeweka.

#2 Pumba na Mashudu

Ngoja waje wataalamu. Mimi natafuta kigoda nikae.

#3 Ndigana Kali

Masundosundo hayo mkuu, wengine wanaita chunjua. Usihangaike na sindano. Chukua uzi wa nailoni, funga shina la kinyama, kaza kidogo kila asubuhi. Damu ikikosa njia kinakauka kinadondoka. Babu alikuwa anatumia singa za mkia wa ng'ombe huyohuyo.

#4 Mizizi na Magome

Ninayo dawa ya unga, ya asili, siku saba tu ng'ombe anakuwa kama ametoka kiwandani. Dozi elfu 25 kwa mmoja. Njoo inboksi.

#5 Tela la Mbalizi

Siku saba na elfu 25 ya nini? Tindikali ya betri. Chovya kijiti, gusa kinyama mara moja tu, kesho kimekuwa mkaa.

#6 Mama Upepo

We Tela, tindikali chini ya jicho la mnyama! Mdogo wangu huku Makete alifuata ushauri kama huo. Tone liliteleza, ng'ombe akatupa kichwa, jicho likaingia ukungu mweupe na halijarudi mpaka leo. Yule ng'ombe anaendea hori kwa ubavu, amegeuza upande wa jicho zima ili aone majani yalipo. Kila nikienda kumsalimia mdogo wangu namkuta anamsogezea ndoo upande huo. Na kinyama chenyewe kikaota tena pembeni ya kovu.

Kijana wa Isongole, usithubutu.

#7 Tela la Mbalizi

Sawa mama, nimesikia. Mimi nilifanya mguuni, sio usoni.

#8 Daktari wa Mteremko

Kamwene nyote. Nimefanya kazi ya mifugo Kilolo na Iringa Vijijini miaka mingi, sasa nimestaafu na nafuga wangu wanne. Picha nimeziona. Kabla sijasema neno la dawa, Mlima Viazi nijibu haya:

Ulipowadunga hao watano ulitumia sindano ngapi? Unapowashika kuwapa dawa ya minyoo au kuwapulizia ya kupe, unawashikia kitu gani? Kuna seng'enge au mbao yenye misumari wanapojikuna? Na mwisho, ukishika ngozi ya shingoni na mbavuni kuna vinundu vigumu ndani ya ngozi, na tezi za mbele ya bega zimevimba?

#9 Mlima Viazi

Shikamoo daktari. Sindano ni moja, nadunga shingoni, nilikuwa naifuta kwa spiriti kila nikihama ng'ombe. Kuwashika natumia kamba ya katani, ninayo moja, naipitisha nyuma ya masikio, inashuka shavuni, naifunga juu ya pua. Seng'enge ipo upande wa barabarani tu. Mwilini hakuna vinundu, tezi sijaona kitu.

#10 Randa na Msumeno

Samahani, mimi sio mfugaji, ni fundi seremala Mafinga, humu huwa napita kusoma tu. Ila jicho langu limezoea mstari. Fungua picha ya pili uikuze. Vile vinyama vidogo havijatawanyika ovyo. Vimeanzia nyuma ya sikio, vikashuka shavuni, vikakata juu ya pua. Kama mtu alipiga chaki. Sasa soma alivyoifunga kamba kwenye #9.

#11 Pumba na Mashudu

Duh. Fundi, nimekuza picha na ngozi yangu imesisimka.

#12 Mlima Viazi (saa 4:25 usiku)

Nimetoka bandani sasa hivi na tochi. Nimechukua ile kamba nikamvalisha yule mtamba wa pili. Vinyama sita viko chini ya kamba, kimoja tu ndicho kiko pembeni. Na kamba yenyewe nimeipitisha mkononi, nyuzi zimechomoka, inakwaruza kama msasa. Miaka mitatu naitumia.

Daktari, nisaidie, usingizi umeisha.

#13 Daktari wa Mteremko (10 Machi, saa 12 asubuhi)

Fundi amefanya kazi yangu, na ameifanya bure.

Hizo ni chunjua. Zinaletwa na virusi vya jamii ya papiloma, na vya ng'ombe peke yake vinajulikana aina zaidi ya ishirini, kila aina na mahali pake inapopenda: nyingine ngozi ya kichwa na shingo, nyingine chuchu, nyingine sehemu za uzazi. OTC ni ya bakteria. Kwa kirusi ni sawa na kumwagia maji mlima. Aliyekuuzia alikuuzia alichokuwa nacho kwenye rafu.

Kirusi hiki hakipenyi ngozi nzima. Kinahitaji mkwaruzo, hata ule ambao wewe huuoni, na kikishaingia hakionyeshi kitu kwa muda mrefu, mara nyingi miezi miwili hadi sita. Yule mtamba wa Oktoba alikuja nacho. Kamba yako ikafanya mambo mawili kwa pamoja: ilikwaruza shavu, na ilibeba vumbi la kinyama cha mwenzake ikaliweka pale ilipokwaruza. Seng'enge inaweza kufanya hivyo. Koleo la hereni pia, kisu cha kukata pembe, brashi, na sindano pia.

Kuhusu spiriti usijilaumu, wengi wanaamini hivyo hata waliovaa makoti meupe. Kuna virusi vyenye gamba la mafuta kwa nje, hivyo spiriti inavimaliza. Hivi havina gamba hilo, spiriti inapita juu tu. Jiki inaviweza, lakini ukiosha uchafu kwanza, kwa sababu jiki ikikuta kinyesi na damu inapigana na hivyo, haifiki kwa kirusi. Sindano, kila ng'ombe yake, basi. Nunua za kutupa, hazifikii bei ya ile OTC.

Vinyama vyenyewe, kwa mtamba mwenye afya, huondoka vyenyewe. Mwezi mmoja, miezi sita, wengine wanafika mwaka na kupita. Mwili wake ukishamtambua kirusi, vinakauka, vinakuwa vyeusi, vinadondoka. Ndiyo maana unaona zaidi kwa ndama na mitamba wa chini ya miaka miwili, wakubwa wengi walishapita huko.

Mpaka hapo fanya hivi. Watenge hao watatu, hata kama ni kwa kuweka boriti katikati ya banda. Kila ng'ombe kamba yake, laini, ile ya katani iondoke. Wazima wahudumie kwanza, wagonjwa mwisho. Wape dawa ya minyoo kwa uzito, si kwa kukadiria, na jiwe la madini. Mnyama aliyekonda au mwenye minyoo anakaa na vinyama muda mrefu kuliko mwenzake. Halafu subiri.

Na hao wawili wazima uliowadunga kwa sindano ileile, angalia shingo zao mwezi wa tano.

#14 Ndigana Kali

Daktari kwa hiyo uzi wa babu haufai?

#15 Daktari wa Mteremko

Kwa kinyama kimoja chenye shina jembamba, kilichokomaa, mbali na jicho, unaweza. Osha, vaa glavu, weka dawa ya kidonda, fukuza inzi. Ila kile ambacho bado kinakua kiache. Ukikikata kikiwa kichanga mara nyingi kinarudi, na kinarudi na hasira. Kikifika ukomo wake au kikianza kunyauka, hapo ndipo kinakatwa, na cha karibu na jicho kinakatwa na mtaalamu mwenye ganzi.

#16 Maziwa ya Mafinga

Mimi nilitumia sindano ya ivermektini. Mitamba wawili, nilidunga mwezi wa nne mwishoni, kufika katikati ya mwezi wa tano vimedondoka vyote. Sisemi nimesikia, nimeona kwa macho yangu.

#17 Daktari wa Mteremko

Vilianza lini?

#18 Maziwa ya Mafinga

Desemba hivi.

#19 Daktari wa Mteremko

Desemba mpaka katikati ya Mei ni miezi mitano na nusu. Sasa niambie, ungepiga bandani tarumbeta mwezi wa nne mwishoni, ungemsifu mpiga tarumbeta?

Sikudhihaki, ndugu yangu. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi nilisifiwa kijiji kizima kwa dawa ya zambarau niliyopaka. Mwenye ng'ombe alikuwa ameshajaribu majivu, oili chafu na mrututu kwa miezi minne, akaniita mimi wa mwisho. Wiki ya pili vikadondoka. Alinipa jogoo. Nilimla nikijua kabisa kwamba ningefika na maji ya chumvi ningepewa jogoo yuleyule. Ugonjwa unaopona wenyewe humpa sifa aliyekuja mwishoni.

Ivermektini ni dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi. Kama mtamba wako alikuwa na minyoo imemsaidia mwili, sikatai. Ila ng'ombe anayekamuliwa usimdunge, soma kibandiko, zilizo nyingi zimeandikwa zisitumike kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yananyweka.

#20 Maziwa ya Mafinga

Nimekuelewa mzee. Lakini jogoo ulimla.

#21 Daktari wa Mteremko

Alikuwa mnono.

#22 Mizizi na Magome

Wazungu hawataki dawa zetu zijulikane. Anayetaka inboksi iko wazi.

#23 Mama Upepo

Na wewe urudishe hela wasipopona kwa siku saba. Uandike hapahapa, sio inboksi.

#24 Binti wa Njombe

Naomba kuchomekea swali, tafadhali msinifukuze. Wangu viko kwenye chuchu. Nina ng'ombe watatu wanakamuliwa, alianza mmoja, sasa wote watatu. Ni vidogo, vyeupe, bapa kama punje za mchele zilizobandikwa. Nikimkamua anapiga teke. Mama mkwe anasema maziwa yasinywewe na mtoto. Kingine, vinaambukiza mikono yangu?

#25 Daktari wa Mteremko

Binti, unapokamua unapaka mafuta? Kopo ngapi?

#26 Binti wa Njombe

Napaka mafuta ya kukamulia. Kopo moja la nusu kilo. Natia vidole, napaka huyu, nikimaliza natia tena, napaka yule.

Oh.

#27 Daktari wa Mteremko

Umejijibu kabla sijaandika.

Hilo kopo litupe, na moyo usiume. Nunua jipya, chota kwa kijiko kisafi kiasi cha ng'ombe mmoja, weka kwenye kifuniko, kikiisha kimeisha. Kitambaa cha kupangusia kiwele kila ng'ombe na chake. Nawa mikono kwa sabuni unapohama. Aliyeanza kuugua mkamue mwisho kabisa.

Hivi vya mchele ni wakaidi kuliko vya usoni, vinaweza kukaa miaka. Usivichune kwa kucha wakati wa kukamua! Ukichuna unafungua mlango wa bakteria, na hapo utakuwa na ugonjwa wa kiwele, ambao huo ndio utakuondolea maziwa na pengine chuchu yenyewe. Kama kimoja kimeota mdomoni mwa chuchu na kinaziba njia, subiri akaushwe, mtaalamu akitoe akiwa hatoi maziwa.

Mikono yako ni salama kwa kirusi hiki. Cha ng'ombe hakimpati binadamu, na chunjua za binadamu zina virusi vyake. Lakini angalia jambo moja: kama ulivyoviona ni malengelenge yanayopasuka na kuacha gaga jekundu la duara, na wewe ukatokwa na kinundu kidoleni, huo ni ugonjwa mwingine kabisa, ndui ya uongo ya ng'ombe, na ule unampata mkamuaji. Kwa maelezo yako sio huo. Maziwa yachemsheni kama kawaida, mtoto anywe. Msalimie mama mkwe.

#28 Binti wa Njombe

Asante sana. Nimemsomea kwa sauti. Amesema "huyo ameongea", kwa mama mkwe wangu hiyo ni kama cheti.

#29 Kijiji Hakina Dume

Sisi huku tuna dume moja la kijiji, linapandia kila nyumba. Siku hizi likipanda linatoka damu, halafu linasitasita. Kuna kitu kama uyoga mwekundu kwenye uume wake. Inahusiana?

#30 Pumba na Mashudu

Uzi umefika kwenye mada za watu wazima.

#31 Daktari wa Mteremko

Cheka, lakini hiyo inahusiana sana. Ni jamii hiyohiyo ya virusi, hupenda madume machanga yaliyolelewa kundi moja na kupandana. Kinakua, kinachanika, kinatoka damu, dume linaogopa maumivu. Mitamba nao wanaweza kuota kwenye uke. Dume lipumzishwe leo, sio kesho. Mtaalamu akitoe kwa upasuaji, na mara nyingine kinarudi, hivyo lichunguzwe tena kabla ya kurudi kazini. Wakati huo tumieni uhimilishaji, yaani mbegu za dume kuwekwa kwa mrija. Nyanda za Juu wahimilishaji wapo.

#32 Mufindi Chai

Nami niulize, maana nimeona daktari yupo. Ng'ombe wa jirani ana miaka kama tisa, anakojoa damu, inakuja inapotea, homa hana, anakonda. Watu wanasema ni vinyama vimeingia ndani. Tulimtibu ya kupe mara mbili, bila mafanikio.

#33 Daktari wa Mteremko

Kukojoa damu, cha kwanza ni kupe, na mlifanya vizuri kuanza hapo. Lakini ile ya kupe inakuja kwa haraka, na homa kali, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache. Hii ya kuja na kupotea kwa miezi, kwa ng'ombe mzima, bila homa, kwenye milima yetu, uliza anakula wapi. Mnayajua yale majani ya porini yanayogawanyika kama unyoya, yanachipua yamejikunja kama kichwa cha fidla, na pakichomwa moto yanatangulia kuota kabla ya nyasi? Mufindi, Njombe, Rungwe yamejaa, kando ya misitu hasa. Hayo, kwa Kiingereza bracken, yana sumu. Ng'ombe akiyala miaka, kibofu kinaota uvimbe unaotoa damu, na ndani ya uvimbe huo wataalamu wamekuta virusi vya jamii hii hii ya chunjua. Kirusi peke yake kingetulia, sumu ya jani ndiyo inayokichokonoa hadi saratani.

Kwa huyo dawa hakuna, nasema wazi ili jirani asiendelee kutoa hela. Anayeweza apeleke mkojo maabara ya mifugo ya serikali (TVLA) Iringa wathibitishe. Kwa waliobaki, kiangazi wasichungwe kwenye mapori hayo na njaa. Wakishiba majani ya malisho kama mabingobingo au guatemala hawalitafuti jani hilo. Na wasitandikiwe bandani.

#34 Mufindi Chai

Bandani ndiyo tunatandika hayo mzee. Hayaozi haraka.

#35 Daktari wa Mteremko

Acheni. Tandikeni mabua ya mahindi au ngano. Majani hayo hata yakikauka sumu haiishi yote.

#36 Chotara F1

Kuna mahali niliona bwana mifugo anatoa damu ya ng'ombe kwenye mshipa wa shingo, anamdunga huyohuyo kwenye msuli wa paja. Wiki mara moja. Na nyingine, kuna anayesaga kinyama, anachuja, anadunga. Hizi vipi?

#37 Daktari wa Mteremko

Ya damu inafanyika nchi nyingi, wapo wanaoisifu na wapo walioona hakuna tofauti. Haina madhara makubwa ikifanywa kwa usafi, lakini shida ni ileile ya jogoo wangu.

Ya kusaga kinyama ina asili ya kweli. Ipo chanjo inayotengenezwa kwa vinyama vya kundi lako mwenyewe: maabara inavichukua, inavisaga, inakiua kirusi kwa formalini, inapima kama ni salama, kisha unachanja mara kadhaa kwa kupishanisha wiki. Inafaa zaidi kuzuia kuliko kuponya, na inafaa pale ambapo kundi ni kubwa na kila kizazi kinaugua. Lakini yule anayesagia kwenye kinu cha nyumbani na kuchujia kwenye soksi hajaua kitu. Anawadunga kirusi hai, pamoja na bakteria na chochote kilichokuwemo kwenye ngozi ya yule mgonjwa. Nimeona jipu la ukubwa wa chungwa shingoni kwa ajili hiyo.

#38 Mlima Viazi (2 Juni, saa 1:40 jioni) MREJESHO

Wakubwa poleni na kazi, nilipotea, viazi vilinibana.

Nilifanya yote ya #13. Kamba tano mpya za pamba, kila mmoja yake, nimezichora rangi tofauti ili kijana wangu asichanganye. Wagonjwa wako upande wa boriti. Minyoo niliwapa kwa kupima kifua na tepu.

Sasa hili ndilo limenileta. Wale wawili wazima mpaka leo nyuso zao ni safi kabisa. Lakini jana nawapulizia dawa ya kupe, mkono ukapita shingoni kwa mmoja ukagonga kitu. Nikatenganisha manyoya. Vitatu, vidogo kama kichwa cha kiberiti, upande wa kushoto. Nilidunga mara tatu, na mara zote upande wa kushoto, kwa sababu kulia kuna ukuta.

Nikamkimbilia wa pili. Viwili.

Daktari ulisema mwezi wa tano, niliangalia tarehe 20 sikuona kitu nikasema mzee kakosea. Hujakosea. Elfu 38 nilinunua ugonjwa nikawagawia kwa mkono wangu.

#39 Mama Upepo

Pole mwanangu. Mikono yako ilikuwa inatafuta kuwasaidia.

#40 Randa na Msumeno

Kwa hiyo spiriti kweli haikufanya kitu. Nimejifunza nikiwa seremala.

#41 Daktari wa Mteremko

Pole kijana. Chukulia nusu ya habari ni njema: ni vichache, viko sehemu isiyo na madhara, na hao wana afya. Vitapita. Wahamishie upande wa wagonjwa, maana sasa banda lote ni la wagonjwa, boriti unaweza kuiondoa upate nafasi. Nguvu zote zielekee kwa ndama watakaozaliwa, hao ndio hawajakutana nacho.

Kile cha chini ya jicho kikoje?

#42 Mlima Viazi

Kimesimama kukua tangu mwezi wa nne, ila kinaning'inia, akifumba jicho kinazuia kope.

#43 Daktari wa Mteremko

Mwite sasa bwana mifugo wa kata, akikate kwa ganzi. Muda wake umefika.

#44 Dada wa Ilula

Naomba nitofautishe, wengine wasije wakajilegeza. Kundi letu mwaka fulani tuliambiwa humu mitandaoni "ni chunjua, subiri". Kumbe ni mapele ngozi. Vinundu vilikuwa ndani ya ngozi, mwili mzima, vinashikika kama karanga zilizofukiwa, homa kali, machozi, maziwa yakashuka ndani ya siku mbili. Tulisubiri tukapoteza watatu.

#45 Daktari wa Mteremko

Asante dada, na pole. Ndiyo maana swali langu la mwisho kwenye #8 lilikuwa la tezi na vinundu. Chunjua inaota juu ya ngozi, na mnyama hajui kama anaumwa. Mapele ngozi yanakaa ndani ya ngozi na mnyama anaonekana anaumwa, yanaenezwa na wadudu wanaouma, yana chanjo, na ukiyashuku unatoa taarifa kwa afisa mifugo siku hiyohiyo. Mwenye homa asisubiriwe.

#46 Mkokoteni Makambako

Punda je? Wangu ana kinyama sikioni, analala na ng'ombe.

#47 Daktari wa Mteremko

Kwa punda usisubiri. Aina chache za virusi vya ng'ombe zinaweza kumpata punda na farasi, na kwao vinaleta uvimbe wa ngozi ambao kwa kawaida hauondoki, unachimba na kurudi ukikatwa ovyo. Usiukwangue. Apelekwe kwa daktari wa wanyama, na alale mbali na ng'ombe wenye vinyama.

#48 Mlima Viazi (21 Septemba, saa 3:05 usiku) MREJESHO WA PILI

Cha jichoni kilikatwa tarehe 11 Juni. Bwana mifugo alitumia kama dakika ishirini, kidonda kilifunga, hakijarudi.

Vya wale watatu wa mwanzo vilianza kuwa vyeusi mwezi wa saba. Asubuhi moja nasafisha hori nikakuta kitu kama kipande cha gome, nikadhani ni uchafu wa mabua. Nikainua kichwa, nikaona shavu la mtamba lina alama ya waridi, ngozi mpya haijaota nywele. Wiki mbili vyote vikawa chini. Wa shingoni wawili bado wanavyo, vimekomaa kama maharage, sivigusi.

Ng'ombe mmoja kazaa mwezi wa nane, jike. Ana kamba yake ya kijani na sindano yake ikifika siku. Yule wa jicho amehimilishwa, hajarudia joto.

Na yule mnunuzi wa mwezi wa pili alipita juzi. Safari hii aliuliza bei. Nikamwonyesha wote watano, na wale wa shingoni nikamfunulia manyoya aone. Amesema atarudi Krismasi. Ndaga fijo (asanteni sana) wote, hasa fundi.

#49 Randa na Msumeno

Nina banda la kuku nataka kujenga, nawe utanisaidia. Ile kamba ya katani uliichoma?

#50 Mlima Viazi

Niliitoa nje niichome. Mama akaikuta, akaichemsha sufuria zima, sasa anaanikia nguo.